Tunanunua Kitafunwa au Tunanunua Pakiti?

Jumamosi moja tulialikwa kuhudhuria mkutano wa tawi moja la Chama hapa jijini Dar es Salaam. Jina la tawi hatutalitaja, kwa kuwa kosa tulilolikuta pale si lake peke yake. Ni letu sote. Ajenda ya kwanza ilikuwa usafi wa mitaa. Ndugu Katibu alisema maneno mazito juu ya mitaro iliyoziba, juu ya mbu na juu ya kipindupindu, na wajumbe wakampigia makofi aliyostahili. Kisha vikaletwa vitafunwa. Kila mjumbe alipewa pakiti ya biskuti, pakiti ya viazi vikavu vya kukaanga, na chupa ndogo ya plastiki yenye maji.

Mkutano ulipofungwa tulibaki nyuma kidogo, tukamwona mama mfagiaji akipita baina ya viti. Viroba viwili vikajaa hata vikafurika. Tukamwuliza, "Mama, takataka hizi zaenda wapi?" Akatujibu bila kusita: "Chupa nitampa yule kijana anayezipima kwa kilo. Hizi pakiti nitazichoma pale nyuma, mwanangu. Hazina mwenyewe."

Tangu siku ile maneno hayo hayajatutoka. Hazina mwenyewe! Pakiti ilipokuwa na biskuti ndani, mwenyewe alikuwapo: kiwanda kiliipiga chapa kwa rangi za kupendeza, mwenye duka aliitundika, na mweka hazina wa tawi aliilipia kwa fedha za wanachama. Ilipokuwa tupu, wote walikana kuijua, akabaki mama yule na kibiriti chake. Leo tunataka kulizungumza jambo hili pamoja na wafanyakazi na wanachama, maana ijapokuwa laonekana dogo kama punje ya karanga, ndani yake mna fedha yetu, afya yetu na heshima ya maneno tunayoyasema majukwaani.

CHAI YA SAA NNE

Hakuna mfanyakazi asiyeijua chai ya saa nne. Mpagazi wa bandarini, fundi wa Keko, mama wa kiwanda cha nguo, karani wa ofisini, wote hufika saa hiyo tumbo likiwa limekwisha kudai haki yake. Zamani si za kale, saa hiyo ilikuwa saa ya mama mwenye beseni: maandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa, mihogo ya kukaanga, vitumbua, karanga zilizopimwa kwa kikopo. Mama huyo yupo hata leo, wala hatujafika kumzika. Lakini kando yake limesimama duka lenye pakiti zilizotundikwa mlangoni kama shanga, na vijana wetu wengi humpita mama yule wakaenda kuzikata pakiti kwa meno.

Tuitazame basi pakiti hiyo. Ile ya viazi vikavu si karatasi, wala si plastiki tupu. Ni ngozi ya tabaka kadhaa zilizogandamizwa pamoja, plastiki juu ya plastiki, na katikati utando mwembamba wa alumini unaoifanya ing'ae kwa ndani. Kwa kuwa tabaka hizo zimeshikamana, kuzitenganisha ili zitumike tena ni kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo sababu kijana anayeokota makopo huichukua chupa ya maji akaiacha pakiti. Chupa ina bei, pakiti haina. Tena pakiti hujazwa hewa ya naitrojeni, ili viazi visivunjike na mafuta yake yasichache. Hatuwalaumu waliobuni jambo hilo. Lakini mfanyakazi anayeifungua na kukuta viazi vimekaa chini kama wageni wachache katika ukumbi mkubwa, hana budi ajiulize: je, nimelipia chakula au nimelipia upepo?

Pakiti ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya safari. Ni nguo ya chakula kinachotoka mbali, kinachokaa ghalani miezi, kinachopita katika joto na unyevu kabla ya kuliwa. Kwa safari hiyo yafaa. Lakini andazi lililoumuliwa alfajiri Buguruni na kuliwa saa nne Chang'ombe lina safari gani? Muhogo uliotoka Mkuranga jana na kukaangwa leo wahitaji koti la alumini kwa sababu ipi? Hapo ndipo tunapopotea: tunavivisha nguo za safari vyakula visivyosafiri, na tunaviacha visivyosafiri tukavifuata vilivyosafiri.

SHERIA NA KINYWA

Wako watakaosema kuwa jambo hili limekwisha kutengenezwa na Serikali. Ni kweli kwamba tumepiga hatua. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kila mtu mwenye macho aliona tofauti. Ile mifuko iliyokuwa ikipeperuka kila upande na kunasa katika miba na nyaya ilipungua, na wafumaji wa vikapu wakapata tena wateja.

Lakini sheria ile iliigusa mifuko ya kubebea. Haikuvigusa vifungashio vya bidhaa za viwandani, ambavyo viliachwa kwa sababu zinazoeleweka. Na kama ilivyo desturi ya wajanja, haukupita muda mrefu vile vifuko vyepesi vya kufungia bidhaa vikageuzwa kuwa mifuko ya kubebea nyanya na vitunguu sokoni. Tunajifunza nini? Kwamba sheria yaweza kuuzuia mkono usibebe, lakini haiwezi kukichagulia kinywa. Kinachobaki ni kazi ya mtu mwenyewe na ya umoja wa watu.

Wala tusijipe moyo kuwa yote yatatumika tena mahali fulani. Wataalamu walipofanya hesabu ya plastiki yote iliyopata kutengenezwa duniani na kutupwa hadi mwaka 2015, waliona kuwa asilimia 9 tu ndiyo iliyorudishwa viwandani ikatumika tena. Iliyobaki ilichomwa, ama ililundikwa, ama ilizagaa. Kwetu hapa iliyozagaa twaijua ilipo: imo mitaroni. Mvua ya masika ikija, maji yanayotafuta njia ya kuingia Msimbazi huikuta njia imezibwa, nayo hugeuka yakaingia nyumbani mwa mtu. Ni nyumba za nani zilizo kando ya mtaro? Ni za mfanyakazi. Mwenye nacho amejenga kilimani.

Na iliyochomwa je? Katika nyua zetu nyingi mfuko wa plastiki ndio umekuwa kiwashio cha mkaa. Twautia chini ya jiko, twautia moto, na dakika chache baadaye twabandika sufuria ya uji wa watoto. Moshi ule mweusi una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinama kupuliza. Magunzi makavu ya mahindi, vifuu vya nazi na vibanzi vya mbao huwasha mkaa vizuri, tena havimchomi mtu mapafu kwa sumu ya namna ile.

JUU YA USAFI

Sasa tuje kwenye hoja yenye nguvu, maana si haki kuikimbia. Wako wafanyakazi wanaosema: "Sisi twanunua pakiti kwa kuwa ni safi. Mama wa beseni hatujui ameosha mikono wapi." Hoja hiyo si ya kubeza. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kikaenea mikoani, wengi walijifunza kuogopa chakula cha barabarani, na waliogopa kwa haki.

Lakini tuulize: usafi waletwa na nini? Waletwa na maji salama, sabuni, kifuniko, na mkono usioshika fedha na chakula kwa pamoja. Pakiti ni njia moja ya kufunika. Si njia pekee. Kawa lililosukwa kwa ukindu hufunika. Sanduku la kioo hufunika. Koleo la kushikia andazi halina gharama kubwa, na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni yaweza kuwekwa mahali popote. Ikiwa twaogopa uchafu wa mama wa beseni, dawa yake si kumnyima riziki, bali ni kumsaidia apate maji. Kiwanda chenye bomba ndani ya ua, kinachomwacha mama lishe akiosha sahani kwa maji ya ndoo moja nje ya lango, hakina haki ya kulalamika kuwa chakula chake ni kichafu.

Hapa yatupasa tuungame dhambi yetu wenyewe sisi watu wa magazeti. Twajua vyema kuwa jioni gazeti likiisha kusomwa huenda kwa muuza karanga, na makala tuliyoiandika kwa jasho husokotwa ikawa kifungio cha bagia. Hapo kwanza tulifurahi, tukasema walau limefaa mara mbili. Lakini wino wa kuchapia haukutengenezwa uliwe, na mafuta ya moto huuvuta ukaingia katika chakula. Wakuu wa usalama wa chakula nchini India waliwaonya wananchi wao mwaka 2016 waache kufungia chakula katika magazeti, na onyo hilo latufaa nasi. Basi twasema dhidi ya faida yetu: someni gazeti, wala msifungie bagia. Kadhalika chakula cha moto kisitiwe katika mfuko mwembamba wa plastiki, maana joto huzichochea kemikali za plastiki zihamie chakulani.

GANDA LISILO NA DENI

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Tutazame tuliyo nayo. Ndizi ina ganda lake, na chungwa lina lake, nalo lililochongwa kwa kisu cha muuzaji hukaa mkononi bila ya kuhitaji sahani. Dafu ni chupa na maji yake, na likiisha kunywewa hupasuliwa, nyama yake ikaliwa. Hindi la kuchoma hukabidhiwa mteja likiwa juu ya maganda yake mwenyewe. Mbuyu huzaa ubuyu ndani ya kasha gumu ambalo hakuna kiwanda kilichopata kulishinda, nasi tukautoa humo, tukautia rangi na sukari, tukaufunga katika vijifuko vya nailoni ili watoto wavitupe njiani. Waunguja walizoea kuitia halua yao katika vikapu vidogo vya ukindu. Ndugu zetu wa Kagera huzitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na huzifunga katika vifurushi vidogo vya migomba. Jani la mgomba likipitishwa kidogo juu ya moto hulainika lisichanike, nalo hufunga kashata, mkate wa kumimina na hata samaki.

Maganda haya yote yana sifa moja ambayo pakiti haina: yanaye mwenyewe. Mbuzi ni mwenyewe, shamba ni mwenyewe, shimo la mboji ni mwenyewe. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Nani aliyepata kumwona chungu akivuna katika pakiti ya alumini?

Na viko vyombo vingine vyenye mwenyewe. Muuza kahawa na mdila wake hatoi kikombe cha kutupa. Kikombe hurudi, huoshwa, hunywewa na mwingine, ilimradi maji ya kuoshea yabadilishwe. Soda ya chupa ya kioo vivyo hivyo. Kila mtoto aliyetumwa dukani ajua sharti lake: bila chupa tupu, hupati soda ya kuondoka nayo. Chupa zile hazikuzagaa mitaroni, kwa kuwa kila moja ilikuwa na thamani yake na kulikuwa na aliyekuwa akiingoja. Hilo ndilo fundisho kubwa la makala hii. Takataka si kitu kilichochakaa. Takataka ni kitu kilichokosa wa kukingoja.

TUJITENGENEZEE

Kwa wale wanaopenda kuanza kesho, tunaeleza mapishi mawili yanayofaa kwa kikundi cha wafanyakazi kumi hivi wanaokula pamoja.

La kwanza ni kashata za karanga. Chukua vikombe 2 vya karanga, uzichague kwa makini kabla ya lolote. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitupwe bila huruma, maana huenda zina sumukuvu, nayo haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi. Karanga safi zikaangwe kavukavu, zimenywe na kupepetwa. Tia kikombe 1 cha sukari na robo kikombe ya maji katika sufuria, uchemshe mpaka yawe mazito na kuanza kugeuka rangi. Mimina karanga, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo. Koroga upesi, kisha umwage juu ya sinia lililopakwa mafuta, ulainishe kwa mgongo wa mwiko, na ukate vipande kabla haijapoa. Zitiwe katika mkebe mkavu wenye kifuniko. Zitakaa siku nyingi bila ya kuhitaji pakiti.

La pili ni mihogo. Nunua ile mitamu, kwa muuzaji unayemwamini, maana ile michungu ina sumu isiyotaka haraka. Imenye, ipasue, uondoe uzi wa katikati, uichemshe kwa maji ya chumvi mpaka iive. Ikauke, kisha ikaangwe au ichomwe juu ya makaa. Iliwe na pilipili na ndimu. Itabebwa katika bakuli lenye kifuniko, nalo bakuli litarudi nyumbani jioni.

Asiye na nafasi ya kupika, basi anunue kwa kipimo. Babu zetu walikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vikafanya kisaga, visaga viwili vikafanya pishi. Mtu alikwenda na chombo chake, akapimiwa, akarudi nacho. Twajua kuwa mshahara mdogo ndio unaomlazimisha mtu kununua kidogo kidogo, na kwamba pakiti ndogo hudai kuwa imemrahisishia. Lakini ukinunua pakiti ndogo kumi umenunua maganda kumi. Wafanyakazi kumi wakichanga na kununua karanga au korosho kwa pishi, wakazigawa wenyewe, ile fedha ya maganda yabaki mfukoni mwao. Haba na haba hujaza kibaba. Nayo haba iendayo kwenye pakiti haijazi kitu ila mtaro.

WAJIBU WETU

Tusieleweke vibaya. Hatusemi viwanda vya biskuti vifungwe, kwani wanaofanya kazi humo ni ndugu zetu, na jasho lao ni la halali. Lakini kiwanda chaweza kuuza biskuti kwa maboksi na mikebe mikubwa kwa mashule, hospitali na mahali pa kazi, zikagawiwa kwa hesabu. Vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi vina sauti ya kulidai jambo hilo. Korosho za Mtwara na Lindi, ambazo kwa miaka mingi sehemu kubwa zimeuzwa ghafi zikabanguliwe India na Vietnam, zingefaa ziwe kitafunwa cha saa nne cha Mtanzania, zimebanguliwa hapa na kuuzwa kwa kipimo. Kujitegemea, kama tulivyojifunza katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, huanza mahali mtu anapotia mkono mdomoni.

Kwa matawi ya Chama twasema kwa uwazi zaidi. Jagi la maji yaliyochemshwa na bilauri za kutosha zigharimu mara moja, zitumike miaka. Mama lishe wa mtaa ule ule apewe kazi ya kupika maandazi na kashata za mkutano, na fedha ya wanachama ibaki kwa mwanachama. Sinia lililofunikwa kwa kawa halimpunguzii mgeni rasmi heshima yake. Kiongozi anayehutubia juu ya mitaro huku akifungua pakiti itakayokwenda mtaroni ndiye anayepunguziwa heshima, wala hapunguziwi na adui. Anajipunguzia mwenyewe mbele ya wale wanaomsikiliza.

Tulipokuwa tukiandika makala hii, Ndugu Katibu wa tawi lile ametupelekea habari kuwa tumealikwa tena katika mkutano wao ujao. Tumemshukuru, tukamwomba jambo moja tu: kabla ya kununua chochote, amwulize mama mfagiaji. Tutakwenda, Mungu akipenda. Hotuba tutazisikiliza kama kawaida, lakini zikiisha tutabaki nyuma tukavihesabu viroba.